Sola ya Kizazi Kipya: Uliza Ukubwa, Uliza Umri

Mwanafunzi anayeingia maabara ya sola mpya hufundishwa kwanza kutazama rangi. Anapewa kipande cha kioo chenye ukubwa wa stempu, anakiweka juu ya mashine ndogo inayokizungusha mara elfu kadhaa kwa dakika, kisha anakidondoshea kimiminika cha manjano. Kimiminika kinatandaa na kubaki utando mwembamba kuliko chochote alichowahi kukishika. Akihesabu sekunde vizuri, anaongeza tone la kimiminika cha pili, la kuifukuza chumvi itoke kwenye myeyusho wake. Halafu kioo kinakwenda juu ya sahani ya moto, nyuzi 100, joto la maji yanayochemka, kwa dakika kumi hivi. Utando unageuka: manjano hafifu inakuwa kahawia, kahawia inakolea hadi karibu na weusi. Hapo seli imeiva. Siku au wiki kadhaa baadaye, unyevu ukipenya, manjano inarudi. Hapo seli imekufa.

Kitu hicho kinachopikwa huitwa perovskaiti, na kwa zaidi ya miaka kumi kimewakesheza wanasayansi wa sola kuanzia Yokohama hadi Oxford. Huenda habari zake zimekufikia kwenye simu, zimetumwa na mtu aliyetumiwa na mwingine: sola mpya imevunja rekodi, za sasa zimepitwa na wakati, usinunue kwanza. Dukani nako, muuzaji aliyesikia nusu ya habari hiyohiyo anaweza kukuambia kwamba paneli aliyoishika ni "ya kizazi kipya". Makala hii ni ya mtu aliyesimama katikati ya hao wawili, anayetaka kuuelewa utafiti wenyewe na asiyetaka pesa yake iliwe. Maswali ya kumfaa ni mawili, na ni yaleyale wanayoulizana watu wa maabara. Ilikuwa kubwa kiasi gani? Iliishi muda gani?

Mwanafunzi aliyekuja na wazo

Tsutomu Miyasaka alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1981, katika kemia ya mwanga na umeme, kisha akafanya kazi miaka 20 hivi katika kampuni ya Fuji Photo Film, watengenezaji wa filamu za kamera. Si safari ya ajabu. Filamu ya picha na seli ya jua ni ndugu: zote ni utando unaobadilika ukipigwa na mwanga. Mwaka 2001 alihamia Chuo Kikuu cha Toin kilichoko Yokohama, akaendelea na aina ya seli ambayo wakati ule ilikuwa na umri wa miaka kumi tu.

Seli hiyo ilitoka Uswisi. Mwaka 1991 Michael Grätzel na Brian O'Regan walionyesha kwamba umeme unaweza kupatikana kwa kutumia oksidi ya titani, unga mweupe uleule unaotiwa kwenye rangi ya ukutani na dawa ya meno. Unga huo hulowekwa katika rangi inayonasa mwanga. Rangi ikishanasa, inaukabidhi unga elektroni, elektroni inatembea kwenye waya, inafanya kazi, na kurudi kupitia kimiminika chenye iodini. Kwa maneno mengine, rangi inafanya kazi ya jani la mti.

Mwaka 2005 hivi akaja Akihiro Kojima, mwanafunzi wa uzamili kutoka chuo kingine cha Tokyo. Aliuliza: badala ya rangi, kwa nini tusijaribu fuwele za perovskaiti? Miyasaka amesimulia mwenyewe kwamba hakutarajia makubwa. Lakini hakumkataza. Napenda kusimama kidogo hapa, kwa sababu habari za uvumbuzi huwa zinampa profesa mbio zote na kumwachia mwanafunzi kushika koti. Wazo lilikuwa la kijana. Kazi ya mwalimu ilikuwa kumpa meza, vifaa na ruhusa ya kushindwa, na kwa kipimo changu hiyo ni nusu ya uvumbuzi.

Na kwa kweli alianza kwa kushindwa, au karibu nako. Mwaka 2009 walichapisha matokeo yao: ufanisi wa asilimia 3.8. Maana yake, katika kila sehemu 100 za nishati ya jua iliyoanguka juu ya seli, hazikufika nne zilizogeuka umeme, wakati paneli za kawaida za siku zile zilikuwa zikitoa kama 15. Ubaya zaidi, kimiminika chenye iodini kiliziyeyusha fuwele kama chai inavyoyeyusha sukari. Seli iliishi dakika chache. Si wengi walioishughulikia makala hiyo.

Waliokuwa wakiisoma, hata hivyo, waliisoma vizuri. Korea Kusini, Nam-Gyu Park wa Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan alifikisha asilimia 6.5 mwaka 2011. Huko Oxford, Henry Snaith alipata habari kwa njia ya urafiki: aliwahi kufanya kazi kwa Grätzel pamoja na Takurou Murakami, aliyekuwa ametoka kwa Miyasaka. Snaith akamtuma mwanafunzi wake Michael Lee hadi Yokohama ajifunze mapishi kwa macho na mikono, kwa kuwa kuna mambo ya maabara ambayo karatasi haiyaelezi, kama vile isivyoeleza ni lini hasa unga wa chapati umetosha maji. Mwaka 2012 makundi mawili yalitoa matokeo ndani ya miezi michache. Park na Grätzel walipata asilimia 9.7, Snaith na Lee pamoja na Wajapani wakapata 10.9. Wote walikitupa kile kimiminika na kuweka mahali pake tabaka kavu. Seli ya Park, ikiwa imehifadhiwa tu hewani bila kufunikwa, ilivuka saa 500.

Kundi la Oxford lilikuta na jambo ambalo hawakulitarajia. Walipoiondoa oksidi ya titani na kuweka oksidi ya alumini, isiyopitisha umeme kabisa, seli haikuzimika, iliboreka. Basi perovskaiti haikuwa rangi tu ya kunasa mwanga na kumkabidhi mwingine mzigo. Ilikuwa ikinasa na kubeba yenyewe. Tangu hapo mbio zikaanza, na leo seli za perovskaiti peke yake zimevuka asilimia 26 maabara. Silikoni ilianza na asilimia 6 katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1954, na hadi sasa iko karibu na 27 au juu yake kidogo. Kilichomchukua mkubwa miaka 70, mdogo amekifikia kwa chini ya 20.

Kondakta asiye na chenji

Paneli nyeusi au za buluu unazoziona juu ya mapaa, zaidi ya 95 katika kila 100 zinazouzwa duniani, ni za silikoni. Silikoni hutokana na mawe ya kwazi, ambayo huchomwa kwenye tanuri la umeme, husafishwa, kisha huyeyushwa tena kwa zaidi ya nyuzi 1,400 ili ivutwe fuwele moja kubwa. Fuwele hiyo hukatwa vipande vyembamba kama nywele mbili zilizolaliana. Ni kazi ya viwanda vikubwa na umeme mwingi.

Perovskaiti ni hadithi nyingine. Jina limetoka kwenye jiwe lililookotwa milima ya Ural mwaka 1839 na kupewa jina la Mrusi, Lev Perovski. Jiwe lenyewe halitumiki kwenye sola. Kinachotumika ni mpangilio wa atomu zake: kila chembe kubwa imekaa ndani ya kizimba cha chembe nyingine, na vizimba vimepangana kama kreti za soda. Ukishaujua mpangilio huo unaweza kubadilisha wapangaji. Mpangaji wa kawaida wa kizimbani ni molekuli ndogo ya kikaboni au atomu ya metali iitwayo sizi. Nguzo ni risasi. Na kuta ni iodini, ile tunayoijua kwenye chumvi ya mezani kwa jina la madini joto. Utando unaotosha kunasa mwanga ni nusu ya maikromita, yaani mwembamba mara 300 kuliko kipande cha silikoni, na umeona kwamba huiva kwa joto la maji ya chai.

Kuna faida ya pili, nayo ndiyo inayowafanya hata watengenezaji wa silikoni waipende. Fikiria silikoni kama kondakta wa daladala asiye na chenji. Nauli yake ni 1.1, kwa kipimo ambacho wanafizikia hukiita elektronivolti. Mwanga wenye nishati ndogo kuliko hiyo haupandi, unapita. Mwanga wa buluu unakuja na noti ya 2.7: unapanda, lakini chenji haurudishiwi, inapotea kama joto. Ndiyo maana paneli huchemka juani. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu ya hasara hizi mbili wakaonyesha kwamba seli ya tabaka moja, hata ikiwa kamilifu, ina kikomo, ambacho kwa hesabu za leo ni takribani asilimia 33. Silikoni kwa nauli yake inaishia 29 na kidogo.

Perovskaiti inakuruhusu kupanga nauli. Ukiongeza bromini mahali pa iodini, nauli inapanda, ukipunguza, inashuka. Kwa hiyo weka magari mawili, moja nyuma ya jingine. Juu, utando wa perovskaiti wenye nauli ya 1.7 hivi, uchukue abiria wa noti kubwa bila kuwapunja sana. Chini yake silikoni, iwazoe wa sarafu waliopita. Seli hii ya ghorofa mbili ndiyo inayovunja rekodi siku hizi, na kwa hiyo, ukisoma kwamba perovskaiti imeishinda silikoni, jua kwamba mara nyingi mshindi amembeba aliyeshindwa mgongoni.

Asilimia 34 za ukubwa wa ukucha

Kampuni ya LONGi ya China ilitangaza seli ya ghorofa mbili yenye ufanisi wa asilimia 34.6 mwaka 2024, na 34.85 mwaka 2025. Ni namba za kweli, zilizopimwa na maabara huru. Sasa uliza swali la kwanza: ilikuwa kubwa kiasi gani? Rekodi za namna hii hupimwa kwenye eneo la sentimita moja ya mraba. Ukucha wa kidole gumba.

Kupika chapati moja laini ni jambo moja, kulisha harusi ya watu mia tano ni jingine. Utando wa nusu maikromita ukitandazwa kwenye mita mbili za mraba, tundu moja dogo, vumbi moja, sehemu iliyokauka kabla ya nyingine, vinatosha kuvujisha umeme. Na ile mashine ya kuzungusha haifai tena, kwa sababu huwezi kuzungusha kioo cha mlango mara elfu nne kwa dakika. Hapo hutumika mashine za kupaka, za kuchapa kama gazeti, au za kuvukiza ndani ya ombwe.

Ona tofauti kwa namba. Snaith aliasisi kampuni ya Oxford PV mwaka 2010, na kiwanda chake kiko Brandenburg, Ujerumani. Mwaka 2024 ndipo kampuni hiyo ilipopeleka paneli zake za kwanza za ghorofa mbili kwa mteja wa Marekani. Ufanisi wa paneli nzima: asilimia 24.5. Paneli nzuri za silikoni pekee zinazouzwa leo ziko kati ya 22 na 24. Kutoka ukucha hadi mlango, pointi kumi zimebaki njiani. Si aibu kwao, zitapungua mwaka hadi mwaka, lakini ndizo zitakazokuokoa dukani, kama tutakavyoona.

Iliishi muda gani?

Paneli ya silikoni huuzwa kwa dhamana ya miaka 25 ya utendaji, na kwa kawaida hupoteza kama nusu ya asilimia kila mwaka. Miaka 25 ni saa 219,000. Linganisha na saa 500 za Park, au na seli za leo zinazosifiwa kwa kuvuka maelfu machache ya saa chini ya taa, na utaelewa kwa nini sehemu kubwa ya utafiti wa sasa si ya kupandisha asilimia bali ya kurefusha maisha.

Adui wa perovskaiti ni wanne: unyevu, oksijeni, joto na miali mikali ya jua. Maji yakiingia, molekuli ya kikaboni huachia kizimba chake, risasi na iodini hubaki, na mchanganyiko wao una rangi ya manjano. Dawa zilizopatikana ni kubadilisha wapangaji, kwa mfano kuchanganya sizi ili kizimba kisiyumbe. Kupaka tabaka jembamba la molekuli zinazochukia maji. Na zaidi ya yote, kufunga seli katikati ya vioo viwili na kuziba kingo kwa mpira maalumu.

Kipimo cha kimataifa kinachoitwa IEC 61215 kina mtihani mmoja ambao mtu wa Tanga, Lamu au Pemba atautambua mara moja. Paneli huwekwa kwenye chumba chenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, siku 41 na ushee. Kisha kuna mtihani wa kupandisha na kushusha joto, kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85, mara 200. Kwa watu wa pwani kuna na kipimo cha mvuke wa chumvi, IEC 61701. Anayekuuzia paneli ya teknolojia mpya asikuonyeshe asilimia kabla hajakuonyesha hivi. Mimi binafsi nisingeweka paneli ya perovskaiti mita mia kutoka baharini leo, hata kwa bei ya bure, kama sioni cheti hicho cha mwisho.

Wajapani wao wameamua kuanzia mahali ambapo silikoni haiwezi kwenda. Sekisui Chemical hutengeneza paneli nyepesi inayojikunja kama turubai, na kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya 2025 iliwekwa juu ya paa la kituo cha mabasi. Tena Japani ni ya pili duniani kwa kuzalisha iodini, baada ya Chile, kwa hiyo malighafi iko nyumbani. Kwa paa la shule lisiloweza kubeba uzito wa vioo, wazo hilo lina maana hata huku kwetu, siku umri wake utakapothibitika.

Risasi kiasi gani?

Nazungumzia ile metali laini na nzito, si ya bunduki. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na iko ndani ya karibu kila seli nzuri ya perovskaiti. Wanasayansi wamejaribu kuweka bati mahali pake (metali, si la kuezekea), lakini bati hupata kutu haraka na ufanisi wake uko nyuma.

Piga hesabu kabla ya kuogopa. Utando ni mwembamba kiasi kwamba mita moja ya mraba ina chini ya gramu moja ya risasi. Betri ya gari, ile ambayo nyumba nyingi za sola huiweka sebuleni chini ya televisheni, ina kilo kadhaa. Tofauti ni kwamba risasi ya perovskaiti iko kwenye chumvi inayoyeyuka majini, kwa hiyo paneli iliyopasuka ikanyeshewa inaweza kuivujisha. Usiioshe iliyopasuka, usiichome, usiiache uani watoto wakaichezea; ifunge kwenye nailoni nene na kuirudisha kwa aliyekuuzia. Na kama risasi inakusumbua kweli, anza na betri yako chakavu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani yao, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Darasani, kwa maua ya rozela

Mapishi ya perovskaiti usiyajaribu nyumbani wala shuleni: vimumunyishi vyake hupenya ngozi, na risasi tumeshaisema. Lakini babu yake, seli ya Grätzel, ni somo zuri la sekondari, na imefundishwa hivyo nchi nyingi tangu miaka ya 1990.

Unahitaji vioo viwili vilivyopakwa tabaka linalopitisha umeme, ambavyo huagizwa, na hicho ndicho kitu pekee cha ghali. Kimoja kipake uji mzito wa oksidi ya titani, kichomwe nyuzi 450 kwa nusu saa hadi unga ushikane, kisha kikipoa kiloweke kwenye maji ya rozela yaliyochemshwa mazito bila sukari. Weupe utageuka zambarau. Kioo cha pili kisugue kwa penseli laini hadi kiwe cheusi. Hiyo ni kaboni. Vikutanishe, vibane kwa vibanio, dondoshea myeyusho wa iodini katikati, toa juani, unganisha mita. Utapata karibu nusu ya volti, na ufanisi ambao kwa kawaida haufiki hata asilimia moja. Wanafunzi wapime kila dakika tano na kuchora grafu. Mstari ukianza kushuka wataanza kubishana kama ni kimiminika kinachokauka au rangi inayoungua, na ubishi huo ndio utafiti wenyewe.

Anayetaka kwenda mbele, tahasusi ya fizikia, kemia na hisabati ndiyo njia iliyonyooka, ingawa nyanja hii ina wanakemia wengi kuliko wanafizikia wanavyopenda kukiri. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya Nairobi zina historia ya utafiti wa vitu vya sola, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Vyuo vya mashariki na kusini mwa Afrika vina mtandao wao wa sayansi ya vitu na nishati ya jua, MSSEESA, ambao umekuwa ukisaidiwa na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi. Mwanafunzi wa uzamili aulizie huko mapema kuhusu muda wa kutumia vifaa, kwa sababu chombo kimoja cha kupimia kinaweza kuwa Nairobi wakati sampuli zako ziko Dar es Salaam.

Dukani, na futi kamba mfukoni

Sasa zile rekodi zitumie. Pima urefu na upana wa paneli kwa mita, zidisha. Gawanya wati zilizoandikwa nyuma kwa jibu hilo, kisha gawanya kwa 10. Umepata asilimia ya ufanisi. Chukua paneli ya mita 1.2 kwa 0.54, iliyobandikwa karatasi ya wati 250. Eneo lake ni 0.65, jibu ni zaidi ya asilimia 38. Hiyo ingekuwa imeipita seli bora ya ghorofa mbili duniani, ile ya ukubwa wa ukucha, na inauzwa kwako barabarani. Karatasi inadanganya. Paneli hiyo, ikiwa ni silikoni nzuri, haizidi wati 140 hadi 155. Kwa ujumla, jibu likivuka 24, rudisha paneli mezani na uulize kwa upole cheti chake.

Kisha tazama kinachotokea juu ya bati. Wati za kwenye karatasi zimepimwa seli ikiwa nyuzi 25. Juu ya paa la Dodoma au Mombasa mchana, paneli hufika 60 au 65 bila shida, na silikoni hupoteza karibu asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi. Kwa nyuzi 65 ni hasara ya 14 katika kila 100. Fundi aache upenyo wa upana wa kiganja kati ya bati na paneli, upepo upite. Perovskaiti hupoteza kidogo zaidi ya hapo? La, hupoteza pungufu, na ni moja ya sifa zake zinazotajwa mara chache.

Dai IEC 61215 na 61730 ya usalama, na alama ya shirika la viwango, TBS Tanzania au KEBS Kenya. Fundi naye aonyeshe leseni, ya EWURA Tanzania au EPRA Kenya. Usiahirishe kununua kwa kusubiri kizazi kipya: taa ya mwaka huu na mtoto anayesoma usiku huu vina thamani, na silikoni ya leo itakuwa bado inafanya kazi wakati ya kesho inatafuta cheti.

Kabla paneli haijapanda juu, ipimeni saa sita mchana mkiwa na fundi: volti bila mzigo, na ampea kwa kuunganisha chanya na hasi kupitia mita. Kipimo hiki cha pili ni kwa paneli ndogo tu, za wati 100 hivi; kubwa za siku hizi hutoa zaidi ya ampea 10 na zitaunguza mita ya kawaida, kwa hizo tumieni mita ya kubana waya inayosoma umeme wa DC. Paneli ya wati 100 yenye seli 36 itaonyesha kama volti 21 au 22 na ampea tano na nusu. Namba hizo, pamoja na tarehe, ziandikwe nyuma ya paneli kwa wino usiofutika, na nakala ibandikwe ndani ya kifuniko cha boksi la betri. Mwakani mwezi uleule, saa ileile, anga likiwa halina wingu, pangusa vumbi, pima tena, andika chini yake.